Mukula wenye Mishipa ya Kijani

Mtu yeyote aliyewahi kucheza biliadi katika baa za Likasi anajua fimbo zake zilivyo. Zimepinda, zimepasuka, ncha hazina ngozi, na ukilalamika mwenye baa anakuambia nenda kacheze kwenu. Sasa mshike mtu huyo huyo, mpe fimbo ya fundi Barthélemy wa mtaa wa Shituru. Ataipima kwenye kidole, ataiviringisha mezani aone kama inarukaruka, wala hairuki, halafu atanyamaza. Fundi Barthélemy alikipenda kimya kile kuliko sifa zozote. Miaka mingi alikuwa mkerezaji wa vyuma katika karakana ya kampuni ya migodi, na kampuni ilipomrudisha nyumbani yeye na wenzake, alijipatia kerezo moja kuukuu, mashine ya kuzungusha kitu na kukichonga, akalisimamisha chini ya bati nyuma ya nyumba, akaanza kukereza mti.

Fimbo ya biliadi, kwa asiyejua, ina sehemu mbili. Ya mbele ni mti mwepesi, wowote ulionyooka. Ya nyuma, ile unayoishika, ndiyo yenye kazi: lazima iwe nzito, ngumu, na iwe imekufa. Hilo neno ni la fundi mwenyewe. Mti mbichi hata ukiukereza vizuri namna gani, baada ya miezi miwili unajipinda, na mwenyewe anakurudia nao kukupigia makelele mbele ya wake za watu. Mti uliokufa ni ule uliokwisha kukauka, uliokwisha kusogea, usio na hamu tena ya kwenda popote. Na katika miti yote ya Katanga hakuna unaofaa kama mukula, ule mwekundu ambao ukiupiga panga unatoa maji kama damu.

Lakini mukula uko wapi leo? Haya, niambieni! Miaka ile malori yaliubeba mchana kweupe, magogo juu ya magogo, wakubwa wakigonga mihuri, mpaka sasa ukienda Kapolowe unaonyeshwa visiki. Vilivyobaki ni vijiti unene wa mkono. Fundi Barthélemy aliutafuta mukula mkavu kila mahali. Alichukua vinu vya bibi vizee, miguu ya vitanda, hata kizingiti cha nyumba iliyobomolewa. Vyote vikaisha, na kerezo likakaa kimya karibu msimu mzima. Ndipo mkwe wake Glody akamletea kile kipande cha kwanza.

Glody alikuwa mume wa Laure, binti pekee wa fundi. Kijana wa Kambove, mchimbaji, mmoja wa wale wanaoingia na tochi kichwani katika mashimo yaliyoachwa zamani. Hakuwa na maneno mengi. Na hata angekuwa nayo, mbele ya fundi Barthélemy asingeyatoa, maana kwao na kwetu mkwe ni mkwe. Haketi kiti kimoja na baba wa mke wake, hali naye sahani moja, hamkazii macho. Akija anasimama pale kwenye uzio, anapiga makofi mawili taratibu, anainama, anaweka alicholeta. Neno lake linapitia kwa mkewe, na neno la baba mkwe linarudi kwa njia hiyo hiyo. Na jambo moja zaidi, kubwa kuliko yote: baba mkwe akiomba kitu, mkwe hasemi hapana. Anaweza kuchelewa, anaweza kuugua, anaweza hata kuhamia Kolwezi, lakini hapana hasemi.

Kipande kile kilikuwa cheusi kwa tope la kale, kinanuka unyevu. Fundi alikitundika chini ya bati wiki kadhaa, akakigonga kwa kifundo cha kidole, kikalia kikavu. Akakifunga kwenye kerezo. Ganda jeusi lilipotoka, ukatokea wekundu wa mukula, na ndani ya wekundu, Mungu wangu, mishipa ya kijani! Kijani cha shaba hasa, nyembamba, imepita toka mwanzo hadi mwisho. Mti ule ulikuwa umeyanywa maji ya shaba miaka hamsini. Fundi Barthélemy alizima kerezo akaketi chini. Machozi yalimtoka, na hakuona haya, kwa kuwa hapakuwa na mtu.

Fimbo ya kwanza yenye mishipa ya kijani ilikwenda Lubumbashi, kwa Jean-Luc, mwenye ukumbi mkubwa wa biliadi. Siku ya tatu Jean-Luc akapiga simu, anahema kama mtu aliyekimbia.

"Papa Barthé, unisikie muzuri. Nataka ine. Ine ya muti moja, mishipa moja. Nitaziweka ku ukuta mu vitre, na jina yako chini. Barthélemy wa Likasi. Bantu ba kila pahali batasoma."

Jina ukutani, chini ya kioo! Mtu aliyekereza vyuma vya kampuni maisha yake yote bila hata kimoja kuandikwa jina lake. Tangu siku ile fundi alikuwa akilala na fimbo nne, akiamka na fimbo nne. Ya kwanza ilihesabiwa. Akamwambia Laure amwambie mumewe alete miti mingine mitatu, na Glody akaleta. Mmoja, kisha wa pili.

Laure alikuwa akija kila Jumamosi kumfulia baba yake nguo, tangu mama yake afariki. Jumamosi ile alikuwa kwenye beseni, na mtoto wake Shekina, wa miaka mitatu, anacheza na povu. Fundi alikuwa akianza kukereza kile kipande cha tatu. Mara kisu kikagonga chuma, kikatoa cheche. Akazima kerezo upesi, akachokonoa kwa bisibisi. Kikatoka kibati cha duara, kidogo, chenye herufi na namba, bado kina msumari wake.

"Ni nini, papa?" Laure akauliza.

"Musumari tu."

Hakikuwa msumari tu, naye alijua kuliko mtu yeyote Likasi nzima. Vibati vile alivikata yeye mwenyewe karakanani, maelfu yake, enzi za ujana. Vilipigiliwa juu ya nguzo za chini ya ardhi, kila nguzo na namba yake, ili mkaguzi ajue ipi imezeeka. Mti huu haukuokotwa. Haukuwa kizingiti cha nyumba ya mtu wala kitanda cha babu. Ulikuwa umeshikilia dari la handaki, na chini ya dari lile watu walikuwa bado wanaingia.

Fundi alikwenda chooni, akakitupa kibati shimoni. Alirudi akafunga mti tena. Tusimwonee, hakuwasha mara moja. Alijiambia labda ni handaki lililokufa, labda hakuna anayechimba upande ule. Akamwita Laure, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Glody anatumika kazi wapi siku hizi?"

"Kule ku galerie, ku handaki ya zamani, papa. Anatumika na Kalenga na bengine. Anasema mule iko mawe ya muzuri."

"Mule mule anatoa miti?"

"Sijui, papa. Hanielezaka. Anafika nayo tu."

Fundi akasema "aa", akawasha kerezo. Fimbo ya tatu ilitoka safi kuliko mbili za kwanza.

Ikabaki moja.

Jumapili iliyofuata, siku ya yenga kama tunavyosema sisi, Glody alikuja mwenyewe baada ya misa, shati jeupe, mtoto begani, mkewe nyuma yake. Hakuleta mti. Alisimama kwenye uzio, akapiga makofi yake mawili, akainama, akabaki pale akitazama ardhi. Laure akaja hadi chini ya bati alipoketi baba yake. Uso wake ulikuwa na wasiwasi.

"Papa, Glody anasema miti imeanza kuwa nguvu kupata."

Msikie vizuri, maana hapa ndipo mambo yote yalipo. Mgeni angeona ni habari tu, miti imekuwa migumu kupatikana, basi. Lakini fundi Barthélemy hakuwa mgeni. Alizaliwa hapa, naye aliwahi kuwa mkwe, naye aliwahi kusimama kwenye uzio wa watu akiwa ameinama. Mkwe aliyetoka Kambove na shati lake jeupe, bila mzigo, kuja kusema kitu kimekuwa kigumu, anaomba aachiliwe. Hawezi kusema zaidi ya hapo. Baba mkwe mwenye moyo anajibu, "Umuambie apumzike", na mambo yanaishia hapo, hakuna aliyeaibika.

Fundi alimtazama Glody kwa mbali. Aliona amekonda. Aliona vidole vyake vinachezacheza kwenye mguu wa mtoto. Neno lilikuwa tayari mdomoni, apumzike, neno dogo tu. Lakini nyuma yake fimbo mbili zilikuwa zimening'inia kwenye waya, zinameremeta, na pengo la ya nne pembeni yake lilimuuma kama jino. Akafikiri: mti mmoja. Nguzo moja kati ya mia. Dari lililosimama miaka hamsini litaangushwa na nguzo moja?

"Umuambie nangoja ingine moja," akasema. "Moja tu, ya mwisho. Na iwe na mishipa sawa hizi."

Laure akasita. "Papa..."

"Ya mwisho, nimesema."

Akaenda uzioni akasema. Glody alisikiliza. Akapiga makofi mawili, akainama kwa adabu zake zote, akamweka mtoto begani vizuri, wakaondoka.

Usiku ule fundi hakulala vizuri, wala Jumatatu hakufanya kazi. Saa nne asubuhi alichukua simu ampigie Laure, aseme basi, aache. Akatafuta jina, akaliona, akairudisha simu mfukoni. Aibu gani hiyo, baba mkwe kurudi nyuma juu ya neno lake kama mtoto? Jumanne akaichukua tena. Akaamua kwamba Jumatano, bila kukosa, atapiga.

Jumatano asubuhi simu ilianza yenyewe kulia. Alikuwa Laure. Alilia tu, na nyuma yake wanawake wengi walikuwa wanalia.

Pikipiki ilimfikisha Kambove kabla ya jua kuwa kali. Nyumba ya akina Glody ilikuwa imejaa. Wanaume nje juu ya viti vya plastiki, wanawake ndani juu ya mikeka, na katikati ya sebule jeneza limekwisha kufungwa, maana uso haukuwa wa kuonyeshwa. Walimpokea vizuri. Ee, walimpokea vizuri mno! Walimpa kiti cha mbao chenye mgongo, wakamletea maji, vijana wakamwamkia kwa mikono miwili. Baba mkwe amekuja. Kila heshima waliyompa ilimchoma, naye akaipokea.

Kalenga, mwenzake Glody wa kazi, ndiye aliyeeleza. Alikuwa na bendeji kichwani.

"Tulikuwa tunakula inje. Yeye akarudia mu galerie peke yake na musumeno. Nikamufuata, nikamuambia, ndugu, ile hapana, ile njo inabeba dari ya ngambo yote. Unaona kibati yake? Zile za pembeni ulikwisha kungoa, inatosha. Akanicheka kidogo. Akasema zile za pembeni hazina rangi muzuri. Nikatoka kuita bengine batusaidie kumukataza. Sikufika mbali, dari ikaanguka."

Aliposema kibati, Laure aliyekuwa ameketi mkekani karibu na jeneza aliinua kichwa, akakumbuka ule musumari wa baba yake. Alimtafuta baba yake kwa macho kupitia mlango uliokuwa wazi, akampata. Alimtazama muda mrefu, na fundi Barthélemy akageukia maji yake akanywa, ingawa bilauri ilikuwa tupu.

Jeneza lilipaswa kutoka saa nane. Saa nane ikafika, hakuna aliyeinuka. Shangazi yake Glody, mama Colette, ndiye mkubwa wa ukoo ule, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani, alitoka akasimama mlangoni.

"Mutoto yetu hatatoka hapa mupaka tujue," akasema. "Glody haikuwa mujinga. Anajua galerie sawa nyumba yake. Mutu anaweza kufa na jiwe, ni kazi ya Mungu. Lakini huyu alienda kungoa muti. Muti! Ya kufanya nini? Nani alimutuma?"

Wanaume wakatazamana. Kalenga aliinamisha kichwa chenye bendeji. Hakuwa mtu mbaya Kalenga, wala hakuwa na nia ya kumwumiza mtu. Aliulizwa, akajibu alichosikia.

"Jana, siku ya pili ya kazi, bibi yake Laure aliletea siye chakula. Nilisikia akimuambia, ule muti, usisahabu."

Loo! Mama mkubwa mmoja alipiga kelele, wengine wakamfuata. Vijana walisimama. Mtu alisema mwanamke wa Shituru anataka makabati, mwingine akasema alimchoka mume, mwingine akasema mengine ambayo hayafai kurudiwa. Laure hakujitetea. Aliketi pale na miguu imekunjwa, kanga imemteremka begani, anamtazama baba yake. Na sisi tunajua mila yetu: mtoto hamtupi baba yake katikati ya ukoo wa watu. Hata kama jina liko kwenye ulimi wake, hulimeza, na kumwachia mwenye jina alitoe mwenyewe.

Mama Colette aliona yale macho. Akageuka polepole mpaka akamkabili fundi.

"Baba mukwe," akasema kwa adabu, "weye njo muzazi. Tunakuomba. Unajua kitu?"

Fundi Barthélemy alisimama, akavua kofia. Jibu alikuwa nalo, si refu: ni minye, yaani ni mimi. Lakini aliona pia vijana wale, ndugu zake Glody, mikono yao mikubwa ya kuchimba. Aliona jina lake likitembea Kambove, Likasi, Lubumbashi: yule aliyemuua mkwe wake kwa ajili ya fimbo za kuchezea. Akaogopa. Akajidanganya, tena haraka sana, kwamba mjane watamsamehe, ni mwanamke, ni kijana, watamfokea watachoka, lakini mwanamume hawatamwacha atoke uwanjani na miguu yake.

"Mutoto yangu ni mukubwa," akasema. "Aseme yeye mwenyewe."

Akaketi.

Laure alifumba macho. Alipoyafumbua hakumtazama tena baba yake, alimtazama mama Colette.

"Ni minye, mama," akasema. "Minye njo nilimutuma."

Hawakumpiga, na tuseme asante kwa hilo. Mama Colette aliwakataza. Lakini hukumu ilitoka pale pale mlangoni: hataenda makaburini, hatatupa udongo juu ya mume wake, na akiondoka ataondoka peke yake, maana Shekina ni damu ya Glody na damu ya Glody inabaki. Mwanamke mmoja akamchukua mtoto mikononi mwake. Shekina alidhani ni mchezo, akampungia mama yake mkono. Hapo ndipo Laure alipolia kwa sauti, mara moja tu, sauti ambayo wanaume waliokuwa nje waliisikia mpaka mifupani.

Jeneza likatoka. Gari liliwashwa, nyimbo zikaanza, watu wakamiminika barabarani. Laure alikuwa amesimama pembeni ya uzio, viatu mkononi, hakuna aliyemkaribia. Fundi Barthélemy alimwendea.

"Laure, mwana yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Nitakuja kuwaambia. Bakishamuzika, batulie kidogo, nitakuja mwenyewe nitawaambia."

Laure alimtazama kama anavyotazamwa mgeni anayeuliza njia.

"Papa, neno ilikuwa moja tu," akasema. "Siku ya yenga ulikuwa nayo mu kinywa, na Glody alikuwa muzima pale ku uzio, anaingoja. Leo ulikuwa nayo tena, na minye nilikuwa naingoja. Usiniambie tena kama utasema."

Kutoka barabarani mtu aliita, baba mukwe, baba mukwe, tunaenda.

"Enda," Laure akasema. "Bantu banakungoja."

Akaenda. Walikuwa wamemwachia nafasi mbele, karibu na dereva, na kijana mmoja, mdogo wake Glody, alimshika mkono ili apande vizuri.